Neno Moja kwenye Simu ya Soli

Benchi letu liko kati ya kinyozi, ambaye ni mimi, na fundi viatu tunayemwita Soli. Kila asubuhi kahawa huchemka hapo na dunia hutengenezwa upya. Upande wa Kiingereza ni wangu: nilifika darasa la sita, na la sita nikalirudia, kwa hiyo weka saba. Ndiyo maana Soli alinisukumia mimi simu yake, vidole vikinuka gundi. Ujumbe ulitoka kwa binti wa kaka yake, aliyezaliwa ughaibuni, Kiswahili hakijui. Nikausoma kwa sauti ya mtangazaji: baba anasahau, hata majina ya wanawe yamemtoka, lakini "still" anakuulizia wewe.

— Hiyo "still" ndiyo nini? akauliza Soli.

— Bado. Bado anakuulizia.

— Bado si ndiyo hajaanza? akadakia Betri, fundi redio.

— Tulia wewe! Ya kitu ambacho hakijaja wenzetu wana neno lake, "yet". Hii "still" ni ya kitu kilichoanza zamani kikagoma kuisha.

Betri akashusha kikombe.

— Yaani wana bado mbili?

— Mbili! Moja ya kungoja, moja ya kung'ang'ania. Sasa litoe neno hapo uone. "Anakuulizia." Hata mteja wa kandambili humuulizia Soli. Lirudishe: miaka yote imejaa humo, na herufi ni tano tu!

— Mama yangu! Kama redio ya marehemu babu. Niliitoa betri, ikaimba mpaka jioni.

— Muongo wewe!

— Haki ya Mungu! Ilikuwa na "still" ndani.

Sikubali kushindwa kwenye benchi langu.

— Mimi nilimnyoa mzee aliyesahau yeye ni nani. Lakini kila wembe ulipokaribia sikio, shingo inageuka yenyewe. Kichwa kimesahau, shingo "still".

Nilitegemea kicheko. Hakikuja. Soli alikuwa ameikodolea simu macho.

— Nikipiga nikakuta na mimi nimemtoka? Bora nibaki na hili neno.

Mama mmoja aliyefuata viatu vyake alikuwa amesimama anasikiliza.

— Samahani kaka zangu. Huo ujumbe ni wa lini?

— Wa juzi, nikasema.

— Na leo, bado anamuulizia?

Nikausoma ujumbe upya kwa Kiingereza changu chote, pamoja na lile la sita la pili: ulikuwa wa juzi tu.

Soli akajifuta gundi kwenye aproni, akapiga, akafungua spika. Ikaita, ikaita. Binti akapokea, akanong'ona kitu. Kiti kikakwaruza sakafu huko kwao. Halafu sauti ya mzee, taratibu, ikaita jina. Si Soli. Jina la utotoni, ambalo sisi wa kahawa moja naye hatukuwahi kulisikia.

— Naam, kaka, akasema Soli, akasimama.

Benchi zima likasimama naye.