Anayelala Haguswi Mguu

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo cha Polisi,

Uliposhuka garini, macho yako yalipanda moja kwa moja kwenye bendera. Sisi tulikuwa chini yake, barazani. Hatushangai; hata aliyekutangulia alipita hapahapa akitazama saa yake. Hata hivyo, karibu.

TULIKOTOKA

Sisi ni wabeba mizigo, washona viatu, mama wa watu. Tulifukuzwa sokoni, tukafukuzwa stendi, tukaishia baraza hili la ukumbi.

TUNAYOSINGIZIWA

Watu husema nyumba ya hifadhi ipo, sisi tunapenda baridi tu. Mwenzetu Fundi Viatu alikwenda. Dada wa mapokezi akamwambia aingie, ila sanduku la kazi libaki nje kwa kuwa lina visu. Fundi akamjibu, "Likiibwa, dada'angu, kesho nitashona kwa meno?" Akarudi kulala nalo huku.

Husema pia kwamba polisi wamefunzwa kuishi na watu kama sisi. Wamefunzwa, ndiyo. Makuruta wako wanaopita doria hapa usiku wametusimulia: kwenye uwanja wa gwaride mmoja hulala akijifanya sisi, mwenzake humwamsha kwa kumtikisa mguu, ili awe mbali na mikono yake. Mkuu, kwetu anayegusa mguu wa aliyelala ni mwizi wa viatu. Sisi huamshana kwa kugonga sakafu. Hata mgeni wa jana anajua.

MAFANIKIO

Yapo. Makuruta wawili tumewafundisha kugonga. Hawajala teke.

KINACHOTUNYIMA USINGIZI

Juzi kuruta mwingine alimshika Fundi mguu. Fundi, usingizini, akarusha teke. Kijana wa watu akang'oka jino. Tunampa pole, na si pole ya mdomoni. Lakini Fundi yuko mahabusu kwa kumshambulia askari, na kesho asubuhi anasomewa shitaka. Masikio yake ni mazito. Asiposikia, hutikisa kichwa kukubali, kwa adabu tu. Hakimu atauliza kama ni kweli, na Fundi atatikisa. Ndiyo maana tumekusimamisha kabla hujaingia ukumbini kula.

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi. Tumeyafuta, limebaki hili. Mpigie mkuu wa kituo. Mweleze habari ya mguu, na Fundi apate mtu wa kumsemea kabla hajapanda kizimbani.

Mungu akujalie usingizi mzito, na mwamshaji mpole.

Chakula chenu kitangoja. Simu iko mfukoni mwako. Piga sasa, hapahapa, tukisikia.

Ni sisi,
Walala Barazani