Yaliyokuwa Ndani ya Chupa Zangu

Amani kwenu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma. Leo tunashukuru mavuno, na mimi nimesimama kwa sababu wiki hii nimefunga chupa za mwisho za mboga za bustani yangu. Wengi wenu mmeshazila. Lakini palikuwa na wakati ambapo hapa Meru hakuna aliyekubali hata maji ya kunywa nyumbani kwangu.

Mnajua mume wangu alichukuliwa na askari wa Boma la Arusha kwenda kubeba mizigo ya Wajerumani. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, na kila mmoja wao alisema lake. Nikabaki na watoto wadogo na shamba la migomba. Nikapata kibarua katika bustani ya misheni, na mke wa mchungaji, Mjerumani, akanifundisha kupika mboga na kuzifungia katika chupa pana za kioo zenye mifuniko na pete za mpira, zikae miezi bila kuoza. Chupa zake za zamani akanipa. Nikafunga maharage mabichi, nyanya, na vile viazi vyekundu vya Kizungu ambavyo maji yake ni kama damu.

Ndugu zangu, nawaambia, maji hayo ndiyo yaliyoniponza.

Wifi yangu aliyaona wa kwanza. "Hicho ni nini?"

"Viazi."

"Viazi gani visivyooza?" Hakungoja jibu, akaondoka.

Tangu siku hiyo majirani wakaacha kuja kuomba moto kwangu. Nikipita njiani, wanawake wananyamaza. Wanangu wakitaka kucheza, wenzao wanaitwa nyumbani.

Nami nikaanza kuwaogopa wao. Nilikuta mfuniko wa chupa moja umelegezwa, chakula kimetoa povu, kinanuka. Nikakimwaga. Baadaye nikakuta nyingine vilevile. Nikawaza, mtu anatutilia sumu ili shamba libaki bila mwenyewe. Nilimshuku wifi. Akinisalimu, naisikiliza sauti yake. Akituletea maziwa, nayamwaga nyuma ya nyumba. Ndiyo, mama zangu, maziwa!

Siku moja nikatandaza majivu sakafuni, nikaenda mtoni. Niliporudi nikakuta alama za miguu, na pembeni yake vitobo vya fimbo. Kwenye boma letu mwanamke anayetembelea fimbo ni mmoja tu, mama mkwe wangu, ninayemwita yeyo.

Kabla sijajua la kufanya, wazee wa ukoo wakaingia uani, yeyo katikati yao.

"Mke wa mtoto wetu," mmoja akasema, "toa vitu vyako nje tuvivunje. Kisha urudi kwenu. Watoto watabaki."

Watoto watabaki! Nikatoa chupa zote, nikafungua ile nyekundu kuliko zote, nikala mbele yao. Nikawapa wanangu, nao wakala. Hakuna aliyesogea.

Kisha yeyo akaja taratibu, akainama, akatumbukiza vidole ndani ya chupa, akapapasa mpaka chini.

"Hayumo," akasema.

"Nani, yeyo?"

"Mwanangu. Nilifikiri umemuua kwa uchawi ukamfungia humu. Nilikuwa nafungua nimtafute."

Akaketi chini, akalia. Tangu mwanawe apotee sikuwahi kumwona akilia. Nami nikaketi karibu naye, nikalia. Wazee wakaondoka mmoja mmoja bila kuvunja kitu.

Wifi, aliyekuwa akichungulia kutoka nyuma ya migomba, ndiye aliyeomba kipande. Akaonja, akatema, akasema ni kikali kama siki. Nikacheka mpaka nikajishangaa. Masika yalipokosekana mwaka uliofuata, alikula hicho hicho kikali, na boma zima likala naye.

Namshukuru mke wa mchungaji kwa mikono yake iliyonifundisha. Namshukuru wifi, ambaye maziwa yake sasa nayanywa. Na yeyo, aliyeketi pale mbele, msimu huu wote amemenya nami mpaka vidole vyake vikawa vyekundu.

Ukimshuku mwenzako, nenda mlangoni kwake mchana, umuulize. Mimi sikuuliza, na yeyo hakuuliza. Tulikaa boma moja tukiogopana, na kumbe sote wawili tulikuwa tukimngoja mtu yuleyule.