Neno Moja la Kifaransa Lililomnyima Mama Pumzi

Sifa ni za Bwana aliyetupulizia pumzi, ndugu zangu mlio hapa kanisani! Kosa langu lilikuwa kusoma bila kuuliza.

Mama ana pumu. Daktari wa hapa Kasongo alimwandikia pompi, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo inayofungua kifua. Niliinunua mimi, muuzaji alinipa boksi bila neno. Kifaransa nilijifundisha peke yangu, na kukosea kunanitesa. Boksi liliandikwa: Bien agiter avant l'emploi. Kwetu, mgonjwa anayehangaika na kurusha mikono tunasema "iko agité". Nikaelewa hivi: dawa hii haipewi mtu mpaka ahangaike vizuri!

Nikaifungia sandukuni. Vumbi la kiangazi lilipomshika, kifua kikapiga filimbi, Mama, anayeniita Papa kwa mapenzi, aliniomba: "Papa, nipe pompi."

"Bado, Mama. Hujahangaika vizuri."

Nilikaa mbele yake nikimtazama mpaka kifua kikatulia chenyewe. Ndugu zangu, nilimtazama mama yangu mzazi!

Jumapili moja, tumetoka ibadani, midomo yake ikageuka rangi. Akasema kwa pumzi iliyobaki: "Papa... nirukeruke... ndiyo unipe?"

Nikaogopa. Mimi na dereva tukampakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, pompi niliyoitoa sandukuni imo mfukoni, bado naogopa kumpa, hadi hospitali. Muuguzi akainyakua, akaitikisa. Akamwambia Mama atoe hewa, abane midomo kwenye pompi, avute polepole huku akiibonyeza, kisha azuie pumzi kidogo. Kifua kikafunguka. Mungu ni mwema!

Nikamwonyesha muuguzi yale maneno, nikamweleza nilivyoelewa. Akashika kichwa.

"Yesu wangu! Wee papa, agiter ni kutikisa! Chupa njo wanatikisaka, haiko mama yako!"

Chumba kizima kikacheka. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje nikalia.

Ndugu zangu, mnapiga makofi kwa sababu Mama yuko hai. Namshukuru Bwana! Lakini kile kifua bado nakisikia. Mtegemeeni Mungu, na mwombeni muuguzi awaonyeshe kwa mikono yake kabla hamjaondoka. Mimi niliona haya kuonekana sijui. Na pompi isiposaidia, au mkiitafuta kila mara, msiongeze na kuongeza mpaka moyo uende mbio: kimbilieni hospitali.

Siku hizi pompi iko kwa Mama, imefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Anaitikisa mwenyewe. Haniombi tena ruhusa ya kupumua.