Mbuzi wa Mtukanaji

Walisema sitaweza. "Na diploma yako ya Kampala, utafundisha kompyuta hapa mtaani Mangobo? Utauza mikate!" Ndugu zangu wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, niangalieni. Niliondoka hapa na begi moja, nikasoma kwa jasho langu, nikarudi kufungua darasa: mashine kumi na mbili za zamani, zikiendeshwa na mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Mtaani nani mwingine amefanya hivyo? Bon.

Siku moja mfumo ulijisasisha, skrini zote zikawa nyeusi. Wanafunzi wakaanza kuondoka. Nilitafuta kosa siku tatu, nikalipata mimi mwenyewe, nikatuma marekebisho kwenye jukwaa la mtandaoni la watengenezaji ili yapokelewe, nikijitambulisha kuwa natoka mji wetu wa Kisangani.

Mmoja akajibu: "Kisangani? Nani kamfundisha nyani kuandika?" Wengine wakashangilia. Nawaambia, alinitia kinyaa. Hata leo nataka kutema mate. Nikamtukana yeye, mama yake na mbwa wake. Wasimamizi wakanionya: tusi jingine moja, nafukuzwa na marekebisho yangu yanatupwa. Yasipopokelewa, kila mfumo ukijisasisha skrini zangu zingezimika tena, darasa lingekufa.

Nikavuka mto kwenda Lubunga kwa koko, mama wa baba yangu, nikamtafsiria yote. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu iko mujukuu yangu! Nani mwingine anaweza kunichokoza hivi? Umuambie nimekubali, iko bwana yangu. Alete mbuzi."

"Koko, ananiita nyani!"

"Alors, na kisha? Alete mbili."

Mnajua kwetu koko na mjukuu wanavyotaniana kama mume na mke. Nikaandika: "Nyanya yangu amesikia matusi yako, amekuchagua uwe mumewe. Anataka mbuzi wawili wa mahari. Ukiwa bado unawatafuta, naomba mtu ajaribu marekebisho yangu."

Jukwaa zima likacheka. Kila alipotukana tena, watu walimuuliza: "Bwana harusi, mbuzi wako wapi?" Akatoweka. Mwanamke mmoja nisiyemjua akajaribu kazi yangu kwenye mashine yake kuukuu, ikawaka. Wiki hiyo marekebisho yangu yakapokelewa.

Sijamsamehe yule mchafu, nasema ukweli. Ila hasira yangu ilitaka kumpa darasa langu bure, aliue. Mkitukanwa, angalieni kwanza mnachotaka kukiokoa.

Asante koko, asante dada yule wa mbali. Asante nanyi mlioniazima betri na paneli za jua niendelee kufundisha. Wanafunzi walipojaa tena nilinunua zangu, na Jumamosi moja nikapita mlango kwa mlango na mkokoteni, nikamrudishia kila mmoja wenu chake, kimefutwa vumbi.