Bafta Haitiki

Benchi letu liko Rwezamenyo, hapa Nyamirambo, mbele ya duka la Fundi Sibomana, mshona suti na mishanana, yale mavazi ya kitamaduni ya harusini. Lilitengenezwa Gisozi na seremala aliyekuwa na haraka zake, maana mguu mmoja ni mfupi, na anayekaa upande huo hunywa kahawa akiwa ameegemea bega la jirani, apende asipende. Hapa hatuitani kwa majina ya kitambulisho. Mugenzi, aliyekulia Uganda, ni Kampala. Habiyaremye, mwalimu mstaafu aliyesomea Bukavu kwa Kifaransa, ni Mesiye. Nizeyimana alirudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake sanifu ambacho hakuna aliyemwomba, huyo ni Tabora. Mimi nauza chaja za simu mlango wa pili, naitwa Chaji. Kwenye benchi hili mtu hupimwa kwa mahali alipokulia, na akishapimwa hana pa kukata rufaa. Siku hiyo tulikuwa na kesi ya paka.

Paka mwenyewe alikuwa amelala kwenye kizingiti cha duka: mweupe pepe, macho ya bluu, mzuri hadi wateja wanasahau walichofuata. Fundi alimchukua kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, kule Kagarama, baada ya panya kutafuna bitana ya suti ya bwana harusi. Akampa jina la Bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, kwa ajili ya weupe wake. Sasa, asubuhi ile, Fundi alikuwa amewapigia simu wa kituo waje wamchukue paka wao. Kosa la Bafta lilikuwa moja tu: akiitwa, haitiki.

FUNDI: Namwita, kimya. Napiga mluzi, kimya. Huyu paka ananidharau.

Mukasine, mama anayetuuzia kahawa ya tangawizi, alikuwa anamimina.

MUKASINE: Yewe, Sibo! Paka gani anadharau mtu anayemupa indagara kila siku?

FUNDI: Si ndicho ninachosema! Dagaa anakula. Usiku analala miguuni kwangu. Lakini nikisimama nyuma yake nikamwita, hata sikio hatikisi. Mama, ndani ya nyumba ile tuko wawili tu, mimi na yeye. Tangu mke wangu Nyirarukundo afariki, Allah amrehemu, sikuwa na jina la kuita mle ndani. Sasa ninalo, naita, na mwenye jina ananipa mgongo. Inauma, wallahi. Inauma kuliko panya.

Tukasema amina. Kwenye benchi letu heshima kwa marehemu haimalizi hata funda moja la kahawa.

KAMPALA: Ssebo, mimi nilishajua. Tatizo si dharau. Tatizo ni lugha. Huyu paka alikulia wapi?

FUNDI: Kagarama, kituoni.

KAMPALA: Hapana, kabla ya kituo. Kwao ni wapi?

FUNDI: Waliniambia aliachwa na wazungu waliomaliza kazi wakahama.

KAMPALA: Banange! Si mnaona? Paka iko ya Kiingereza. Wewe unamuita Kinyarwanda, atajuaje kama ni yeye?

MESIYE: Ekuté, sikiliza, Kampala. Wazungu si kabila moja. Tazama vile anakaa, tazama vile anakula pole pole. Huyo ni paka wa Kifaransa. Wa Kiingereza wanakula wamesimama.

TABORA: Nyote mmepotoka. Kwanza si "paka iko ya", ni "paka ni wa". Pili, wazungu walikuwa wanampikia wao? Si alilelewa na mpishi? Na wapishi wazuri wa mji huu wote walijifunza kazi kwa Waswahili. Paka huyo anajua Kiswahili, tena fasaha. Ninyi mnachoongea hapa kinamtia kichefuchefu.

MUKASINE: Basi mujaribishe. Bafta ni huyo, midomo munazo.

Hapo kesi ikapata uhai. Tukakubaliana kila mtu amwite mara moja, kwa lugha yake, mimi niwe shahidi kwa sababu mimi nilizaliwa hapahapa Nyamirambo na hakuna anayenihesabu kuwa na lugha. Akaanza Kampala. Akajifuta mdomo, akakaa vizuri.

KAMPALA: Bafta! Kamon, boi! Kamon!

Bafta akalamba mguu wa mbele.

KAMPALA: Amesikia. Anafikiria.

TABORA: Ewe Bafta, kipenzi, tafadhali jongea hapa!

Bafta akalamba mguu wa pili.

MUKASINE: Bafta, ngwino sha! Ngwino hano!

Hakuna. Mesiye akavua kofia, akainua mkono wenye fimbo juu kabisa, akaupunga kama alivyokuwa akiwaita wanafunzi wake waliochelewa uwanjani.

MESIYE: Bafta! Viens! Viens ici!

Na Bafta akageuza kichwa! Mbele ya macho yangu. Aliitazama fimbo, akamtazama Mesiye, kisha akarudi kujilamba. Sijawahi kuona mzee wa miaka ile akiruka akiwa amekaa.

MESIYE: Vwala! Nilisema nini? Nilisema nini mimi? Elimu haiozi!

KAMPALA: Amegeuka, lakini hakukuja. Hiyo si kuitika. Hiyo ni kushangaa.

MESIYE: Wewe amekugeukia?

TABORA: Aligeuka kwa sababu matamshi yako yalimtisha.

Mimi nilitamka kwamba ushahidi hautoshi, nikaambiwa ninywe kahawa yangu. Fundi wa watu alikuwa amekaa upande wa mguu mfupi, futi kamba yake shingoni, anatazama mlango.

FUNDI: Kwa hiyo Mesiye anamgeukia. Mimi ninayemlisha, hapana.

Uso wake ulikuwa umesawijika. Ningetaka kusema kwamba tulimhurumia, lakini tulikuwa tumenogewa.

KAMPALA: Ngoja kwanza, Fundi. Kule kituoni walimufanya ile operesheni?

FUNDI: Ya kuhasiwa? Ndiyo. Wanawahasi wote, ndipo wanawatoa.

KAMPALA: Basi imeisha! Mwanaume umemukata, halafu unamuita jina, unataka akuje anakimbia? Hata mimi singeitika. Ningekaa mlangoni vilevile, ninatazama barabara.

MUKASINE: Wewe hujakatwa na mke wako akikuita huitiki.

KAMPALA: Hiyo ni kitu ingine.

TABORA: Mimi naona tofauti. Jamani, mimi niliporudi nchi hii, mtu alikuwa akiniita kwa Kinyarwanda ninampita kama sikumwona. Mtaa mzima ulisema nina kiburi, nimetoka Tanzania nikijiona. Kumbe mimi hata sikujua kama naambiwa mimi. Mwaka mzima nilikuwa nacheka pale watu wanapocheka, sijui wanacheka nini. Nilikuwa naingia chumbani nalia.

Hilo Tabora hakuwahi kutuambia. Mukasine aliacha kumimina akamtazama. Kama siku hiyo tungekuwa watu wenye akili, tungesimama hapohapo kwenye neno lake, na kesi ingekwisha.

MESIYE: Kwa hiyo unasema paka apelekwe kozi ya Kinyarwanda?

TABORA: Kozi ya jioni. Miezi sita.

MESIYE: Bon. Sasa mnisikilize mimi, maana nimefikiri sana. Paka mzuri namna hii, nani anamtupa? Hakuna. Huyu hakutupwa, alipandikizwa. Fundi, anapokuwa ndani anafanya nini mchana?

FUNDI: Anakaa juu ya meza ya kukatia. Ananitazama mikono. Nikiongea na mteja, anatazama midomo yetu.

MESIYE: Mikono! Midomo! Anajifunza mikato yako! Na kule juu, karibu na msikiti, si kuna fundi mpya amefungua, anashona mishanana kama yako? Mitindo anaipata wapi?

KAMPALA: Banange. Paka jasusi.

MESIYE: Ndiyo maana haitiki. Akiitika atazoea. Akizoea ataungama.

Nakiri kwamba hata mimi nilimtazama Bafta kwa jicho jingine. Fundi alikuwa ameshika kichwa. Wakati huo pikipiki ikasimama mbele yetu, akashuka msichana wa umri wa chuo, fulana ya kijani, kikapu cha kubebea paka mkononi. Alitusalimu kwa adabu, akasema anaitwa Iradukunda na ametumwa na kituo.

IRADUKUNDA: Muze Sibomana ni nani? Ulisema Bafta ana tatizo. Tatizo gani?

Tukamjibu sote kwa pamoja. Lugha, operesheni, kozi, fundi wa msikitini. Alisubiri mpaka tulipokosa pumzi.

IRADUKUNDA: Sawa. Lakini anasikia?

Nasema ukweli: watu wazima sita tukatazamana kana kwamba tumeulizwa mji mkuu wa nchi isiyokuwepo. Mesiye akavaa kofia yake tena.

Iradukunda akaomba kwa Mukasine mfuniko wa sufuria na mwiko. Akazunguka kimyakimya, akasimama nyuma ya Bafta, akaugonga mfuniko ule kwa nguvu zake zote. Tabora alimwaga kahawa kwenye suruali. Mtoto wa jirani akaanza kulia. Bafta aliendelea kujilamba mkia.

IRADUKUNDA: Hasikii kitu. Paka weupe wa macho ya bluu, wengine wanazaliwa hivyo.

FUNDI: Na nyinyi hamkujua?

IRADUKUNDA: Tusamehe, muze. Daktari alimupima tumbo, meno, akampa chanjo. Masikio tuliona yako safi, basi. Kule mbwa wanabweka kutwa, yeye analala usingizi katikati yao. Tukawaambia watu: huyu ni paka mtulivu, hana woga.

MESIYE: Lakini mimi aligeuka nilipomwita!

IRADUKUNDA: Uliinua mkono?

Mesiye aliutazama mkono wake, kisha fimbo yake, kisha akaona kuna kitu cha maana sana upande wa pili wa barabara.

KAMPALA: Basi, Fundi, bahati yako. Paka ina kasoro, kituo kimekiri kwa mdomo wake. Badilisha.

TABORA: Kwa kweli. Panya watamtembelea mgongoni huyu.

IRADUKUNDA: Yuko mwingine wa kijivu, anasikia hata kopo likifunguliwa nyumba ya pili. Huyu nitamrudisha, huyo nitakuletea kesho. Ila nisikufiche: kiziwi kupata mtu mwingine wa kumchukua ni kazi. Anaweza kuzeekea kule.

Akafungua mlango wa kikapu. Fundi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Bafta.

FUNDI: Kwa hiyo hakuwa ananidharau.

IRADUKUNDA: Hakujua kama unamuita.

FUNDI: Hata siku moja?

IRADUKUNDA: Hata siku moja, muze.

Fundi alijifuta macho kwa ncha ya futi kamba. Hakusingizia moshi wala vumbi, alilia tu, na sisi tukaona haya, maana dharau ile tulimkuzia sisi, kikombe baada ya kikombe.

FUNDI: Sasa kiziwi anaitwaje?

IRADUKUNDA: Unagonga sakafu, anaisikia kwenye miguu. Usiku unazima taa unawasha. Ama unaenda pale aliko, unamugusa.

Kisha akatugeukia sisi wa benchi, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu.

IRADUKUNDA: Kwani nyinyi wazee, katika kumuita kote huko, ni nani alinyanyuka akaenda pale alipo?

Kutoka benchini hadi kizingiti ni karibu. Mesiye humwaga masalia ya kahawa pale bila kusimama. Tulimwita Bafta kwa lugha zote tulizohangaika nazo ughaibuni, na hapakuwa na mmoja wetu aliyeinua makalio.

Fundi akaweka kikombe chini. Akanyanyuka, benchi likatukalia vibaya sote, akaenda. Akachuchumaa kizingitini, akagonga sakafu kwa kiganja, taratibu. Bafta akageuka mwili mzima, akasimama, akaweka kichwa chake chote ndani ya mkono ule. Fundi akambeba, akaingia naye dukani.

Sauti yake ikatoka ndani:

FUNDI: Binti, nenda na kikapu chako. Huyo wa kijivu anasikia, atapata mtu.

Iradukunda akacheka, akafunga kikapu, akampungia mkono dereva wa pikipiki. Alipoondoka tukabaki tumekaa, na kwenye utulivu ule tukamsikia Fundi akiongea. Alikuwa anamweleza Bafta habari za Nyirarukundo. Jinsi alivyokuwa akimletea chai pale mezani. Jinsi alivyougua. Alimweleza polepole, hakuruka kitu, na sisi hatujawahi kuambiwa hata nusu yake, kwa sababu hatukuwahi kumpa nafasi.

Kampala alivumilia alivyoweza. Akaninong'oneza:

KAMPALA: Lakini, Chaji, kiziwi anaongea naye lugha gani?

Mukasine alikuwa anakusanya vikombe. Birika lilikuwa tupu.

MUKASINE: Nyanyuka uende ukasikie.

Kampala akautazama mlango, akakitazama kikombe chake kitupu, akabaki amekaa.