Mzee Ojera na Mlango wa Mama Mkwe

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuzitunza ndege za klabu yetu ya urubani hapa Kampala, fundi mkuu Alfonsi Ojera anastaafu tarehe 30 Juni. Alikuja na spana mbili na nywele nyingi. Spana bado zipo.

Sifa zake zimetokana na ndege moja ya viti vinne, tunayoiita Mama Mkwe. Breki ya kushoto hushika mapema kuliko ya kulia. Kipimo cha mafuta husema tangi tupu hata likijaa, ndiyo maana Mzee hulipima kwa kijiti. Mlango wa kulia nao hufunguka mara tu magurudumu yanapoacha ardhi. Amebadilisha kitasa mara nne, wapi! Kila rubani mgeni alifungwa taulo machoni, akapapasa swichi zote, huku Mzee akirudia somo lake kuu: "Wacha mlango, peleka ndege." Aliyekosea alimletea rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, ya Kabalagala kesho yake. Mzee amenenepa kwa makosa yetu.

Kapteni Valarie Ondiek alipofika kutoka Kisumu na saa elfu tatu za angani, aliona taulo ni utoto. Akakanyaga breki kama alivyozoea. Mama Mkwe akakata kushoto, akapita nyasini na kusimama mbele ya jiko la Docus, mpishi wetu, aliyeuliza kwa upole kama kapteni anataka chai. Asubuhi iliyofuata Valarie aliliomba taulo mwenyewe.

Mwezi uliopita wakubwa waliamua Mama Mkwe naye astaafu, kwa kuwa hakuna mwingine anayemjua. Mzee aliumia hadi chakula kikamshinda. Valarie akaomba nafasi moja: amrushe Mama Mkwe, Mzee akiwa abiria. Hapo siri ikafichuka. Mzee hajawahi kupanda ndege maishani. Miaka yote alisingizia goti.

Ijumaa alipanda. Mlango ukafunguka kama kawaida, na Mzee, mwalimu wetu, akaushika kwa mikono miwili, akimwita Mungu kwa Kilango, lugha ya kwao. Valarie, bila kugeuka, akamkumbusha somo lake. Mzee akaachia. Wakazunguka, wakatua katikati kabisa ya njia, na wakubwa wakaufuta uamuzi wao. Mzee alishuka akilia waziwazi, akamkabidhi Valarie kijiti cha mafuta.

Asante sana, Mzee. Upumzike vyema nyumbani Bukoto na mkeo, Mama Atoo, na goti lipone. Ukitukumbuka, kiti cha kulia ni chako. Ila mlango, tafadhali, usiushike.