Hospitali Ilipokuwa Mkutanoni

Mwaka ule serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, pale Mchafukoge palikuwa na benchi la kahawa mbele ya duka la Gaudens, Mchaga ambaye watu walimwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Asubuhi moja alikaa na Marcelino, kuli wa bandarini, jina la kijiweni Winchi. Katikati yao alikuwa Mzee Praful, Mhindi muuza vitambaa, jicho la kulia limefungwa bandeji. Alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho, na siku hiyo ndiyo aliyoahidiwa kufunguliwa. La kushoto nalo lilikwisha kuingia ukungu, hata mtaa mzima aliuona kama maziwa yenye vivuli vinavyopita.

Alikuwa ametoka hospitali ya serikali, akakuta kliniki imefungwa. Mlinzi alimwambia wafanyakazi wote wameitwa ukumbini, uongozi unataka maoni yao, arudi baadaye. Basi akarudi kijiweni akipapasa kuta.

— Maoni gani hayo ya kufunga hospitali? aliuliza.

Redio alijua. Wauguzi wanaulizwa kama hospitali nayo ihamie Dodoma. Winchi akadakia kwamba hiyo si kazi, yeye ameshapakua mitambo mizito kuliko wodi. Itanyanyuliwa nzima nzima, ipakiwe kwenye mabehewa, wagonjwa wakiwa vitandani mwao. Redio akaongeza kuwa daktari atapasua watu humo humo njiani, na treni ikifika Morogoro itasimama kidogo ili ashone.

Mzee Praful hakucheka. Ndani ya ukungu wake aliiona: treni nyeupe ikipita polepole kwenye mashamba ya mkonge, mapazia yakipepea madirishani, na mahali fulani mle ndani jicho lake likisafiri bila yeye. Kahawa ikampoa mkononi.

— Shikamooni wazee.

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa ya Euphrasia, muuguzi aliyemshika mkono siku ya upasuaji. Mkutano ulikuwa umepumzika, naye amechomoka apate kahawa. Wakamwitikia, na Redio akataka athibitishe habari za treni. Euphrasia akasema hakuna treni wala Dodoma. Wanaulizwa kama wauguzi wawe wanabadilishwa wodi kila wiki. Wengine wanataka, wengine hawataki.

— Sisi tumeulizwa, alisema. Wagonjwa hawajaulizwa. Nikirudi ukumbini, niwasemee nini?

Mzee Praful alisikia Redio akikohoa tu. Winchi akaomba aongezewe kahawa.

Euphrasia alimaliza kikombe chake, akamwambia mzee ainuke, atamfungua kwanza, mkutano utamsubiri. Akamshika mkono wakaenda. Walikuwa wamekaribia lango la hospitali ndipo maneno yalipomtoka mzee.

— Waambie tunaogopa, binti yangu. Mimi siku zote hizi nimepata usingizi kwa sababu nilijua atakayenifungua ni wewe.

Euphrasia alifungua mlango wa kliniki. Alimwingiza chumbani, akamketisha, akaanza kuibandua bandeji taratibu. Mwanga ukaingia ukitetemeka kama maji, kisha ukatulia. Kitu cha kwanza alichokiona Mzee Praful kilikuwa uso wa Euphrasia, nao ulikuwa umechoka kuliko sauti yake.